Maneno ya Kumfungulia Meja

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Mimi sikukaa darasani sana. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwa Biblia na kwa vibao vya maduka, na haya ninayaandika kwa mkono wangu mwenyewe, polepole, kwa hivyo msinisahihishe. Mnapenda kusema watu wa zamani walikuwa wapole, walikuwa na subira, walijua kunyamaza. Tulinyamaza kwa sababu tuliogopa. Nitawaambia siku tuliyoacha kunyamaza.

Kilichonikumbusha ni kazi ya shule. Mjukuu wangu alikuwa mezani na kitabu, mimi nachemsha matumbo jikoni, akaniuliza vile mtu anauliza ukuta: "Kukhu, mwalimu anataka verbs za kuachilia kitu. Kwa Kiingereza. Niko na release peke yake."

"Andika let go."

Akaandika.

"Andika drop. Andika leave. Untie, unchain, let loose, set free. Kuna na off you go, lakini hiyo sijui kama mwalimu ataikubali."

Akaweka kalamu chini. "Hizi zote ulitoa wapi, Kukhu?"

"Kwa mbwa."

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Mvuke wa matumbo ulikuwa umeniingia puani, na harufu hiyo ina njia yake ya kunirudisha pale, kwenye chumba kimoja cha mawe, mbwa wa watu akipikiwa matumbo yanayonukia kuliko chakula chetu.

Baba yangu, Wanjala, alikuwa mtu wa shamba kwenye nyumba kubwa upande wa Jamhuri, si mbali na uwanja wa maonyesho ya kilimo. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa ofisi mjini, Mwafrika kama sisi. Mkewe tulimwita Madam, na nadhani hata mumewe alimwita hivyo. Nyuma ya nyumba yao, ukipita tangi la maji, ndipo kilikuwa chumba cha mfanyakazi, kile watu wanaita kota. Baba alipewa chumba kwa sharti moja: alale peke yake. Hakuna mke, hakuna mtoto, hakuna mgeni. Madam alisema hataki kijiji nyuma ya jikoni yake.

Na mama alikuwa ndani ya chumba hicho. Na mimi pia.

Tulikuwa tumetoka nyumbani, Bungoma, mama akiwa na mimba ambayo haikumpa raha hata kidogo, na baba akaona heri awe karibu na hospitali za Nairobi kuliko kuachwa peke yake na jembe. Alituingiza jioni kupitia mwanya kwenye ua wa kayaba, na miiba ya kayaba ikatuandika mikono yote miwili. Tangu siku hiyo tukaishi kama panya. Mchana hatukutoka. Nilijifunza kutembea bila mguu kusema, kupiga chafya ndani ya blanketi, kucheka kwa tumbo tu. Mama alikuwa mtu wa kuimba akipepeta, lakini pale alipepeta unga kimya, midomo ikicheza bila sauti. Dirishani baba alitundika gunia, na gunia lilikuwa na tundu. Shule yangu ilikuwa hilo tundu.

Kupitia tundu nilimwona Meja. Jina lake kamili lilikuwa Major, lakini sisi tulisema Meja. Lilikuwa jibwa la masikio yaliyosimama, mgongo mweusi, kifua cha rangi ya chai, na mchana kutwa lilifungwa kwa mnyororo kwenye nguzo kando ya tangi. Jioni Madam alitoka na viatu vya mpira kulifundisha kwenye nyasi, na alilifundisha kwa Kiingereza tu. Baba alikatazwa kabisa kulisemesha Kiswahili.

"Wanjala, mbwa akizoea Kiswahili, kila mwizi ya Kawangware atamwambia kaa chini na atakaa. Umeelewa?"

"Yes, Madam."

Basi baba yangu, ambaye nyumbani aliwapigia fahali kelele za Kibukusu wakasimama, alipindisha mdomo jioni baada ya jioni akimwambia mbwa "leave it". Nami nyuma ya gunia nilipindisha wangu. Nikayajua yale maneno yote na kila moja kazi yake. "Drop it" ilikuwa ya kitu kilichomo mdomoni. "Leave it" ilikuwa ya kitu ambacho bado hujakigusa, unakitamani tu, na hiyo ndiyo ngumu zaidi, hata kwa watu. "Let go" ilikuwa ya kamba inayovutwa huku na huku. "Unchain him" aliambiwa baba, giza likianza. Halafu mnyororo ukishatoka, baba aligonga paja lake mara moja na kusema "off you go", na lile jibwa likapaa juu ya nyasi kana kwamba ardhi imelirusha. Nilipenda kuona hivyo kuliko kula.

Akili ya mtoto ina hesabu zake. Mimi niliona mbwa haelewi ila Kiingereza, nikaona na wenye nyumba wanaongea Kiingereza, nikamaliza kwamba kila kitu ndani ya ua ule kinatii lugha hiyo peke yake. Na nilikuwa na ushahidi. Siku moja mpira wa kumwagilia maua ulijisokota, baba akauvuta huku akiutukana Kibukusu, ukazidi kujikaza. Madam akaja, akasema, "Let go, Wanjala, let go." Baba akauachia, na mpira ukalala wenyewe umenyooka. Niliona kwa macho yangu. Tangu hapo, kifuniko cha sufuria kikigoma nilikinong'oneza "release" kabla ya kukizungusha, na kilifunguka. Mama aliniuliza nasali nini. Nikasema nasali.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa siku za maonyesho. Tangu asubuhi bendi ilikuwa ikipiga huko uwanjani, ng'ombe wanalia, na upepo ukatuletea harufu ya samadi mpaka mama akafumba macho akasema, "Kama nyumbani." Uchungu ulikuwa umemshika kabla ya alfajiri. Baba alikimbia mpaka madukani Adams kumwita dada yake, shangazi yangu Senge Nafula, aliyeuza sukuma wiki pale. Aliporudi naye, bwana mkubwa, mumewe Madam, tayari alikuwa anapiga honi, anakwenda maonyesho, na baba ndiye wa kubeba viti. Akamtazama mama, akatazama gari.

"Nenda," mama akamwambia. "Ukibaki watauliza kwa nini."

Akaenda. Nilimwona kupitia tundu akibeba viti, amevikumbatia kama watoto.

Senge Nafula alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni, na kunong'ona hakukuwemo katika vipaji vyake. Aliinama juu ya mama, wifi yake, akamwambia, "Mulamwa, kazi hii haifanywi kwa adabu. Piga kelele."

"Watasikia."

"Wasikie."

"Madam ana wageni, Senge. Wako hapo barazani wanakunywa chai. Wanjala atafukuzwa."

Akachukua pindo la leso, akaliweka katikati ya meno, akauma. Kila uchungu ulipokuja niliona shingo yake inasimama mishipa, na sauti haitoki. Barazani wale wageni wa Madam walikuwa wanacheka. Niliweza kusikia kijiko kikigonga kikombe.

Jua lilipanda likaanza kushuka. Senge aliacha mizaha. Alimgusa mama tumbo, akamgusa tena, kisha akasimama katikati ya chumba kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Halafu akavua kilemba chake na kukikung'uta.

Kwetu, mtu akikawia kuzaa, hakuna kitu ndani ya boma kinachobaki kimefungwa. Senge alianza na nywele za mama, akafumua msuko mmoja mmoja. Akafungua sanduku. Akafungua mfuko wa unga, akafungua kamba za viatu vya baba vya Jumapili, akafungua vifungo vya gauni langu mpaka chini, na shanga za kiunoni mwangu akazikata uzi zikatawanyika sakafuni. Kila fundo alilisemesha Kibukusu, kwa upole, kama mtu anayembembeleza mkwe. Nikamtazama mama. Hakuna kilichobadilika. Nikajua kosa liko wapi. Senge alikuwa mgeni, hakujua mambo ya mahali pale. Alikuwa anavisemesha vitu lugha visiyoielewa.

Nikamfuata nyuma. Mfuko, "untie". Sanduku, "let go". Viatu, "let loose". Hata mlango, ambao aliuachia wazi kidole kimoja tu, niliunong'oneza "set free".

"Wewe msichana, unasema nini huko nyuma?"

"Naviambia kwa Kiingereza."

Senge alinitazama. "Viambie. Viambie hata kwa Kihindi."

Lakini mama alinyamaza. Na hakunyamaza kama mwanzo, akiuma leso. Leso ilimtoka mdomoni yenyewe, na mkono nilipoushika ulikuwa baridi na haukunishika nao. Senge akapiga magoti. Sauti yake ya sokoni ilikuwa imekwisha kabisa. "Angalia vizuri," akaniambia. "Kuna kitu bado kimefungwa?"

Nikaenda kwenye tundu la gunia. Nikamwona Meja.

Nilikuwa mtoto lakini sikuwa mjinga. Nilijua mbwa akifunguliwa mchana Madam ataona, na akiona atauliza, na akiuliza tumekwisha: baba hana kazi, sisi tuko barabarani na masufuria. Baba alikuwa amenifundisha hilo kila siku kuliko sala ya Baba Yetu. Na nilimwogopa mbwa mwenyewe. Alikuwa amempasua muuza mayai suruali. Nilisimama pale nimeshika gunia. Kisha nilisikia mama akivuta pumzi na pumzi ikakatika nusu, nikatoka.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusimama kwenye jua la ua ule. Meja alikuwa na mfupa. Aliponiona alinyanyua mdomo wa juu, na mngurumo wake niliusikia kwa miguu, kupitia ardhi. Gauni langu halikuwa na kifungo hata kimoja kilichofungwa. Nikasimama wima kama Madam. Nikapindisha mdomo.

"Leave it."

Akanitazama. Akatazama mfupa. Akauacha.

Watu wamenisifu kwa mambo mengine maishani, na wameninyima sifa kwa mengi, lakini sijawahi kuwa mkubwa kuliko nilivyokuwa dakika ile. Nilimwendea, nikatia mkono chini ya shingo yake, manyoya yana joto la jua, nikatafuta ile ndoana. Meja alisimama akanusa masikio yangu. Ndoana ikatoka. Nikagonga paja.

"Off you go."

Akaenda, jamani. Aliondoa ndoo njiani, akapita katikati ya shuka zilizoanikwa akatoka na moja mgongoni, akazunguka nyumba mpaka barazani. Nilisikia vikombe, halafu viti, halafu wanawake wakubwa wakiita majina ya mama zao. Aliporudi alikuwa na mkoba wa mmoja wao mdomoni, na shuka bado inamfuata, na nyuma ya shuka Madam, kiatu kimoja mkononi. Na mbwa yule, siku zote akipita kota alikuta mlango umefungwa. Siku ile ulikuwa wazi. Akaingia.

Madam naye akaingia. "Drop it," alisema, na Meja akadondosha mkoba pale miguuni pa mama yangu.

Madam alitazama sanduku lililo wazi, unga, shanga, nywele za mama zilizotawanyika juu ya blanketi, mimi na gauni langu.

"Hawa ni akina nani?"

Senge hakusimama. "Huyu ni mke wa Wanjala na anakufa," alisema. "Kufukuza utafukuza kesho, mama. Leo leta gari."

Nyuma, mwenye mkoba alikuwa amefika anahema. "Mkoba yangu iko wapi? Imetoboka?"

"Nenda ndani ulete funguo za gari langu," Madam akamwambia bila kugeuka.

"Na mkoba?"

"Funguo."

Na hapo mama, ambaye sasa hakuwa na sababu ya kujificha wala kumficha mtu, aliachilia sauti. Sijui alikuwa ameiweka wapi miezi yote ile. Ilitoka ikavuka tangi, ikavuka kayaba, nadhani hata bendi ya maonyesho iliisikia. Senge alilia machozi kwa furaha. "Hivyo," akasema. "Hivyo ndivyo. Endelea."

Walimbeba kwa ile shuka ya mbwa, Senge kichwani, Madam na rafiki zake miguuni, wanawake wa chai na viatu vya kisigino, na nawaambieni walibeba vizuri. Madam aliendesha Ngong Road mkono mmoja juu ya honi. Watu walikuwa wamejaa Adams wakielekea maonyesho, akapita upande usio wake, polisi akainua mkono, akasikia sauti ya mama, akaushusha.

Hospitalini tuliketi kwenye benchi, Madam na mimi. Sketi yake ilikuwa imelowa. Alikuwa bado ana kiatu kimoja.

"Nani alifungua Meja?"

"Mimi."

"Hakukuuma?"

"Nilimwambia leave it."

Alinigeukia. "Kwa nini ulimfungua?"

"Vitu vyote vilikuwa vimefunguliwa. Alikuwa amebaki yeye."

Nilingoja kofi. "Nyanya yangu alifanya hivyo hivyo," Madam alisema. "Alifungua mpaka ng'ombe za jirani. Walishtaki yeye kwa chifu." Kisha akajifuta pua kwa mkono mtupu, kama mtu yeyote.

Nesi alipotoka alisema mama amejifungua, ni kijana, na kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka shingo. "Mngekawia kidogo," alianza, halafu akaona mimi ni mtoto akaacha. Lakini nilielewa. Kulikuwa na fundo moja ambalo mkono wa Senge haungelifikia, na lilihitaji watu wa pale. Na sisi tulifika kwao kwa sababu mbwa alikimbia. Hadi leo mchungaji wangu anasema ilikuwa bahati. Mchungaji hakuwepo.

Tuliporudi, baba alikuwa ametangulia kutoka maonyesho. Alikuta chumba tupu, kila kitu kimefumuliwa, hata kamba za viatu vyake, akadhani Madam ametufukuza kwa hasira ambayo haijawahi kuonekana. Alikuwa sakafuni anafunga mizigo. Hakuinua macho.

"Wanjala, unafunga nini?"

"Vitu vyangu, Madam. Nimeelewa."

"Hujaelewa. Fungua." Alisimama mlangoni, mtu asiyejua kusema mambo kama hayo. "Uko na kijana. Bibi yako ni mzima. Na toa hiyo gunia kwa dirisha, hapa si stoo."

Baba, kamba mkononi, aliniangalia, nikamwitikia kwa kichwa, na mtu huyu aliyenifundisha kunyamaza akafungua mdomo akapiga kelele ya Kibukusu, ile ya kuitia fahali, na Meja huko nje akaitikia kwa kubweka, kwa mara yake ya kwanza kuelewa lugha ya kwetu.

Mama alirudi kwa geti kubwa. Alishuka garini mchana peupe, mtoto amefungwa taulo la Madam, akapita juu ya nyasi zile ambazo mimi nilikuwa nimeziona kwa tundu tu, hana haraka. Siku ya pili alianika nepi kwenye kamba ya mbele pamoja na mashati ya bwana mkubwa, na alianika akiimba. Msidhani Madam aligeuka malaika. Aliendelea kumgombeza baba juu ya maua mpaka alipozeeka. Lakini alitugombeza tukiwa tunaonekana, na hiyo ni tofauti kubwa kuliko mnavyofikiri. Ndugu yangu ana jina la kanisani, ila ukimwita hilo hageuki. Tunamwita Meja. Yuko River Road anauza misumari na mabomba, tumbo limemtangulia, na ana sauti ambayo Senge Nafula angejivunia.

Sasa sikilizeni, kwa maana sikuandika haya kwa ajili ya mbwa. Katika nyumba hii ninayoishi na mwanangu kuna msichana wa kazi, Phanice, mtoto wa watu kutoka upande wetu. Wiki iliyopita nilimkuta anafua, na leso ameikaza tumboni mpaka hawezi kuinama. Nilimwambia alegeze. Akalia. "Kukhu, usiwaambie. Watanirudisha nyumbani." Kumbe mkaza mwanangu alikuwa ameshaanza kusema huyu msichana anakula sana, afadhali tutafute mwingine kabla ya Krismasi.

Sikubishana na mtu. Jioni niliwaita wote mezani, mwenye nyumba, mkewe, wajukuu, na Phanice mwenyewe nikamwambia aache vyombo aje akae kwenye kiti. Nikawaambia: Phanice atazalia hapa, na atanyonyeshea hapa. Akishikwa na uchungu apige kelele zote alizo nazo, na nyinyi mtakimbia. Asiyetaka kusikia mtoto akilia katika nyumba hii, ahame yeye.